Kabla ya kununua miksa ya shawa, pima kimo cha tangi

KATONI ya miksa ya shawa ni ndogo, lakini mpaka ifike Kilindoni inakuwa imesafiri mbali. Nyingi hutoka viwandani China, hushushwa Bandari ya Dar es Salaam na kuuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo. Kutoka hapo mnunuzi huibeba kwa gari hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, na kupanda nayo chombo kuvuka kwenda Mafia. Wengine huipakia jahazini pamoja na saruji na mabati.

Miksa hiyo ikigoma kufanya kazi, safari ni ile ile kwa kurudi, nauli juu, na mara nyingi risiti imeandikwa kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa mkazi wa kisiwa, basi, kuchagua kifaa hiki cha kuchanganya maji ya moto na ya baridi ni uamuzi wa fedha kabla haujawa uamuzi wa urembo wa bafu. Bahati mbaya wengi huuanzia dukani, kwenye kinachong'aa, badala ya kuuanzia nyumbani kwenye tangi la maji.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu aliyetumia sehemu ya kiinua mgongo chake kumalizia nyumba Kilindoni. Nyumba ina mabafu mawili. La kwanza ni la familia ya watu 5: yeye, mkewe, mjukuu mmoja, mama yake mzazi aliyekwishapita miaka 80, na binti yake ambaye anakuja kujifungulia nyumbani. Kwa desturi za pwani, mzazi hukandwa kwa maji ya moto na hukaa ndani siku 40, kwa hiyo maji ya moto katika nyumba hiyo si anasa. Bafu la pili ni la chumba cha uani, ambacho mwalimu anataka kukipangisha kwa wageni wanaofika Mafia kati ya Oktoba na Februari kuangalia papa potwe.

Kariakoo amenunua miksa mbili zenye thamostati, zile zinazojirekebisha joto zenyewe. Ni za bei ya juu kuliko zote zilizokuwa kwenye rafu ile. Akamwita fundi bomba.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba fundi. Vifaa hivi hapa, tufunge."

Fundi akageuza katoni, akasoma maandishi madogo ubavuni, akatoka nje kuangalia tangi.

"Mwalimu, mnara huu una mita ngapi?"

"Nne. Nilimwambia mwashi apandishe nne."

"Na kichwa cha shawa tutakiweka mita mbili kutoka sakafuni. Basi tuna mita mbili tu za kusukuma maji, Mwalimu. Hiki kimeandikwa kinataka bar moja. Bar moja ni mita kumi."

Mazungumzo ya namna hii hufanyika mara nyingi baada ya fedha kutoka, na huko ndiko hasara ilipo.

MAJI HUSUKUMWA NA KIMO

Katika nyumba nyingi za Mafia maji hupandishwa kwenye tangi, yawe ya kisima, ya bomba la mtaa au ya mvua, kisha hushuka yenyewe. Nguvu pekee inayoyasukuma ni tofauti ya kimo kati ya uso wa maji ndani ya tangi na mahali yanapotokea. Kila mita 1 ya tofauti hiyo hutoa presha ya bar 0.1. Unene wa tangi hausaidii. Tangi la lita 5,000 na la lita 500 yakiwa katika kimo kimoja husukuma sawasawa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kimo kutoka ardhini. Maji ya shawa hayatokei ardhini, hutokea juu ya kichwa cha mwogaji. Mnara wa mita 4 na shawa ya mita 2 huacha mita 2, yaani bar 0.2. Tangi likijaa pomoni huongeza mita moja hivi. Likikaribia kwisha, nyongeza hiyo nayo hutoweka.

Miksa nyingi zenye thamostati zimetengenezwa kwa ajili ya nchi ambako maji hufika nyumbani yakiwa na presha ya bar kadhaa. Kiwanda kikiandika kwamba kifaa kinahitaji bar 1, maana yake uso wa maji uwe mita 10 juu ya shawa. Kwa mkazi wa Mafia hicho ni karibu kimo cha nusu ya mnazi mrefu. Hakuna mwashi wa nyumba ya kawaida atakayejenga mnara wa aina hiyo, na akiujenga, gharama yake itazidi ya bafu zima.

Zipo miksa za presha ndogo. Hizi zina njia pana ndani na huandikwa kwamba zinafanya kazi kuanzia bar 0.1 au 0.2. Ndizo zinazolingana na nyumba ya mwalimu wetu, na kwa kawaida ni zile sahili: vishikio viwili, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, au mkono mmoja wenye katriji ya sahani za kauri. Muuzaji asipoweza kuonyesha kiwango cha presha kwenye katoni au kwenye karatasi ya maelezo, mnunuzi anayetegemea tangi ana sababu ya kutosha ya kuondoka.

Kuna njia mbili za kuongeza nguvu bila kununua miksa nyingine. Ya kwanza ni kupandisha mnara, lakini faida yake si kubwa kama watu wanavyodhani, kwa sababu kimo kikiongezeka mara 4, maji yanayotoka huongezeka mara 2 tu. Ya pili ni rahisi zaidi, nayo ni kunenepesha mabomba. Bomba la robo tatu kutoka tangini hadi karibu na shawa, badala ya la nusu inchi, hupunguza ukinzani zaidi ya mara 5. Elbo nazo zipunguzwe, kwani kila kona hula presha. Kwa nyumba ambayo kuta bado hazijapigwa plasta, tofauti ya bei kati ya robo tatu na nusu ndiyo fedha inayozaa matunda kuliko nyingine yoyote katika kazi hii.

Pampu ndogo ya kuongeza presha nayo hutajwa sana madukani. Inafanya kazi vizuri, ila umeme ukikatika, mwenye nyumba mwenye tangi limejaa maji hawezi kuoga kwenye shawa yake. Anayeamua kuifunga aweke bomba la pembeni la kuipitia, lenye koki, ili umeme usipokuwepo maji yashuke kama zamani.

MOTO NA BARIDI VITOKE TANGI MOJA

Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linaumiza mtu.

Mara nyingi mwenye nyumba huchukua maji ya baridi moja kwa moja kutoka bomba la mtaa au la pampu ya kisima, yenye nguvu, na maji ya moto kutoka kwenye hita inayolishwa na tangi, yenye nguvu ndogo. Vikikutana ndani ya miksa, baridi humshinda moto. Maji ya baridi husukuma njia yake hadi ndani ya bomba la moto, na mwogaji hupata baridi tupu hata kama hita imewaka tangu alfajiri. Fundi asiyeelewa huilaumu hita.

Kisha inafika siku bomba la mtaa linakatika huku mtu yuko chini ya shawa. Sasa ni moto peke yake. Wataalamu wa afya hushauri maji ya kwenye hita ya tangi yahifadhiwe kwa nyuzi 60 hivi za Selsiasi ili vijidudu aina ya Legionella visizaliane, na maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto na ya mzee huungua mapema zaidi, na bibi wa miaka 80 hawezi kuruka kando haraka.

Dawa yake haina gharama kubwa. Moto na baridi vyote vitoke tangi moja, kwa mabomba ya unene mmoja, na katika kila mstari iwekwe valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, iliyo laini kiasi cha kufunguka kwa presha ndogo. Bomba la baridi la shawa liwe la peke yake, lisigawane na jiko wala choo, ili anayefungua koki jikoni asimnyang'anye mwogaji maji yake. Kwa kawaida ya mafundi duniani kote, moto huwa kushoto na baridi kulia. Miksa ya thamostati ikifungwa kinyume haifanyi kazi yake, hata ikiwa mpya.

Hapa ndipo thamostati inapostahili heshima yake. Ndani yake kuna kipande kinachotanuka na kusinyaa kwa joto, na baridi ikikatika ghafla, hufunga njia ya moto. Hita ya jua ikikaa juani siku nzima bila kutumiwa inaweza kupita nyuzi 70, kwa hiyo nyumba yenye hita ya jua, watoto na pampu ya presha ina hoja nzuri ya kununua kifaa cha namna hiyo. Ambaye hana pampu anaweza kupata kinga ya karibu na hiyo kwa valvu ya kupozea inayofungwa mara moja tu, pale maji yanapotoka kwenye hita, mradi naye asome kiwango chake cha presha. Uingereza kanuni za ujenzi hudai kwamba maji ya moto yanayoingia kwenye beseni la kuogea la nyumba mpya yasizidi nyuzi 48. Tahadhari hiyo inaweza kuigwa Kilindoni bila kungoja kanuni.

BILI INAYOJIFICHA

Kabla ya kuzungumzia rangi na umbo, mwalimu anapaswa kujiuliza ni nani katika nyumba yake anahitaji maji ya moto, na lini. Tangi jeusi lililokaa juani Mafia hutoa maji ya vuguvugu kuanzia adhuhuri bila senti tano. Baridi husikika zaidi alfajiri, hasa Juni hadi Agosti wakati wa kusi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 huchukua wati-saa 1.16. Mtu akioga kwa lita 30, yaliyopandishwa kutoka nyuzi 27 hadi 38, ametumia umeme wa uniti 0.38. Ni kidogo. Lakini watu 5, mara moja kwa siku, kwa siku 30, wanafika karibu uniti 58 kwa mwezi, na hapo joto linalopotea kwenye hita bado halijahesabiwa.

Katika viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi la D1 hulipa sh. 100 kwa uniti, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti zinazozidi hapo ni sh. 350 kila moja, na anayezoea kuzidi huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni sh. 292. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani na tozo, uniti ya D1 inakuwa karibu sh. 122 na ya T1 karibu sh. 356.

Sasa tazama kinachotokea. Familia ya mwalimu ilikuwa ikitumia uniti 70 kwa mwezi na kulipa karibu sh. 8,500. Anapofikiria hita, anazidisha uniti 58 kwa sh. 122 na kupata kama sh. 7,000. Anaona inawezekana. Lakini hita inamtoa D1. Uniti zote 128 sasa zinalipiwa kwa bei ya T1, na malipo yanazidi sh. 45,000. Hita iliyoonekana ni ya sh. 7,000 kwa mwezi inamgharimu karibu sh. 37,000, na mstaafu anayepokea pensheni atalisikia pengo hilo kila anaponunua LUKU.

Kwa familia inayotumia uniti 50 tu na inayowapa maji ya moto watu wawili, bibi na mzazi, hesabu ni tofauti: inabaki kama uniti 73, chini ya kikomo. Katika nyumba hiyo swichi ya hita, na nidhamu ya kuizima, vina thamani kuliko miksa ya aina yoyote.

Lipo jambo jingine ambalo halimo kwenye risiti ya LUKU. Kwa miaka mingi umeme wa Mafia umezalishwa na TANESCO kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, huku mteja akitozwa bei ile ile ya nchi nzima. Dizeli hiyo huvushwa kwa maji kama bidhaa nyingine. Kwa maana hiyo, kila mwogaji wa maji ya umeme kisiwani humo amekuwa akichangiwa na wateja wa bara, na wote wakiwasha hita saa 12 jioni mitambo ndiyo inayobeba mzigo.

Hita ya jua hukwepa yote hayo. Gharama yake ya mwanzo ni kubwa, lakini kwa nyongeza ya sh. 37,000 kwa mwezi, hita ya umeme hula sh. 444,000 kwa mwaka. Mwalimu aombe bei ya hita ya jua Dar es Salaam, aongeze usafiri na ufundi, agawanye kwa 444,000, naye atajua itarudisha fedha yake baada ya miaka mingapi. Hita ya jua inayolishwa na tangi inahitaji tangi liwe juu yake. Kama hita inakwenda juu ya bati, kimo cha mnara lazima kihesabiwe upya, na jambo hilo huwashtua wengi baada ya mnara kukauka.

Shawa ndogo ya umeme inayopasha maji papo hapo, inayofungwa mahali pa kichwa cha shawa, ni mshindani halali wa miksa. Haihitaji hita wala bomba la pili. Lakini ya wati 5,500 huvuta ampea 24 hivi, na waya wa kawaida wa soketi hauwezi kuhimili mzigo huo. Lazima iwe na waya wake mnene, swichi yake ya kujikata na ethi ya uhakika. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na huila koili haraka. Pale ambapo kisima kina dalili ya chumvi, ni afadhali kuiacha kabisa.

Na wala isisahaulike miksa ya asili: sufuria juu ya moto wa vifuu na makumbi, ndoo ya maji ya baridi na kata. Katika kisiwa cha minazi kuni hizo ni za bure au karibu na bure, na ndizo zilizowakanda wazazi wa Mafia vizazi vyote. Mwenye fedha kidogo asione aibu kuliacha bafu likiwa na bomba moja la baridi, akatenga tu nafasi ya bomba la moto ukutani kwa siku za baadaye.

CHUMVI, CHOKAA NA KUTU

Ardhi ya Mafia ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita kwenye mawe hayo huyeyusha chokaa. Kipimo cha kwanza kiko jikoni. Birika likiwa na ukoko mweupe mgumu ndani, ukoko huo huo utaziba matundu ya shawa na kukwaruza katriji. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Jibondo, ambako maji baridi ya ardhini ni shida, watu wameishi kwa kukinga mvua na kuletewa maji kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa, na huko kuzungumzia shawa ya lita nyingi ni kukosa adabu.

Kwa maji ya chokaa, kichwa cha shawa kiwe na chuchu za mpira laini zinazosafishika kwa kusuguliwa na kidole. Kiwe cha kufunguka kwa mkono, ili kilowekwe kwenye siki au maji ya ndimu kwa saa moja hivi na kusuuzwa. Kisiachwe humo usiku kucha, kwani asidi huila ile ngozi ya kromu inayong'aa.

Kwenye mwili wa miksa, hewa ya bahari haina huruma. Dukani vyote hung'aa sawa kwa kuwa vyote vimepakwa kromu, lakini chini ya kromu kuna shaba ya manjano, au mchanganyiko wa zinki, au chuma, au plastiki. Mnunuzi aende na sumaku. Ikinata, ndani ni chuma, na kutu itatokeza mapema. Isiponata, bado inaweza kuwa zinki, hivyo apime uzito mkononi kati ya miksa mbili za ukubwa mmoja. Shaba ni nzito zaidi. Achungulie pia mdomo wa bomba ambako kromu haifiki: shaba huonyesha umanjano wake. Kwa mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ile aina ya namba 304 hupata madoa ya kahawia pwani, na ya 316 huvumilia zaidi.

Baada ya chuma huja suala la vipuri, na hapa mkazi wa kisiwa lazima afikiri tofauti na mkazi wa Dar es Salaam. Miksa zinazofichwa ndani ya ukuta zinapendeza, lakini katriji ikifa au kiungo kikivuja, vigae hubomolewa. Zile zinazokaa nje ya ukuta zenye nafasi ya milimita 150 kati ya tundu la moto na la baridi ni za kipimo kilichozoeleka viwandani, kwa hiyo ikifa ya kampuni moja, ya kampuni nyingine hukaa mahali pale pale. Katriji za mkono mmoja nyingi ni za milimita 35 au 40. Mnunuzi aulize ni ipi, na anunue ya akiba siku hiyo hiyo pamoja na mpira wa shawa na washa. Bei ya katriji moja ni ndogo kuliko nauli ya kuifuata.

CHUMBA CHA MGENI

Bafu la uani ni biashara, hivyo lina hesabu yake. Mgeni aliyetoka nchi za baridi hutaka maji ya moto hata katika joto la Desemba, na asipoyapata husema kwa wenzake. Lakini hakuna mgeni anayelipa zaidi kwa sababu miksa imeandikwa jina la kampuni ya Ujerumani. Anacholipia ni maji yanayotoka, yenye joto lisilobadilika, katika bafu safi.

Tuseme tofauti ya bei kati ya miksa sahili na ya thamostati, pamoja na pampu inayohitajiwa na ya pili, ni sh. 400,000, na chumba kinamwachia mwalimu sh. 20,000 halisi kwa usiku baada ya shuka, usafi na chai. Hiyo ni mikesha 20 ya mgeni kwa ajili ya kulipia tofauti tu. Katika msimu wa miezi 5, kwa chumba kimoja kisichojulikana bado, 20 si haba. Mwaka wa kwanza aanze na sahili, na mabomba ya robo tatu yaliyokwisha kuwekwa ukutani yatampa nafasi ya kubadili baadaye bila kubomoa.

Kile kichwa kipana cha shawa kinachomwaga maji kama masika nacho kifikiriwe mara mbili. Kwenye presha ya tangi hutoa matone mazito yasiyo na nguvu, na penye pampu kinaweza kumaliza lita 15 au zaidi kwa dakika. Dakika 5 ni lita 75, karibu ndoo 4. Visiwani maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi, na wataalamu wa maji hukadiria kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia mita 40 hivi za chumvi chini yake. Kisima cha karibu na ufuo kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na ikipanda huharibu kisima cha jirani pia. Kichwa cha kawaida cha lita 6 hadi 8 kwa dakika kinamtosha mgeni.

Tukirudi kwa mwalimu, katoni zake mbili bado hazijafunguliwa. Kama muuzaji ni mwelewa atakubali kubadilishana apewe miksa sahili za shaba na fedha inayobaki iende kwenye mabomba, valvu na katriji za akiba. Kama si mwelewa, moja ifungwe bafu la uani siku pampu itakapopatikana, na nyingine iuzwe kwa mwenye nyumba ya kulala wageni aliye nayo tayari.

Kabla ya hapo, fundi amemwomba ndoo ya lita 10 na saa. Amefunga kipande cha bomba la muda ukutani, mita 2 kutoka sakafuni, pale pale shawa itakapokaa, na kufungua maji tangi likiwa nusu. Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja na nusu, miksa ya presha ndogo itafanya kazi ya kuridhisha. Ikizidi dakika 3, hakuna miksa ya Kariakoo itakayosaidia, na itabidi waangalie kwanza mabomba yaliyoshuka kutoka mnarani. Ndoo ya mwalimu ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Fundi akahesabu elbo zilizokuwa kwenye mstari: zilikuwa 9, na bomba lote ni la nusu inchi.

"Mwalimu, ukuta bado haujapigwa plasta," alisema. "Tubadilishe leo."